Ushuhuda na ushahidi



Katika toleo lililopita ukurasa wa shuhuda ulikuwa na shuhuda mbili tu, na chini yake tukaweka ratiba ya kwaya ili karatasi isibaki nyeupe. Baadhi yenu mmetuuliza baada ya ibada kwa nini ilikuwa hivyo. Wengine hamkutuuliza sisi, mmeulizana ninyi kwa ninyi kwenye foleni ya maji, na jibu mlilopeana huko ni kwamba kamati ya gazeti imeanza kumzuia Roho. Tumeona ni heri tueleze wenyewe, tena kwa urefu, maana jambo hili linagusa namna tunavyoaminiana sisi tunaoishi pamoja hapa.

Ndugu mmoja alituletea ushuhuda wake, umeandikwa vizuri kwenye karatasi ya daftari, pande mbili. Jina lake hatulitaji, naye ametuomba hivyo. Alipimwa makohozi, akakutwa na kifua kikuu, akaanzishiwa vidonge. Alivimeza miezi miwili na siku kadhaa. Kisha akaenda kwenye maombi ya kufunga ya siku tatu, akaombewa, akasikia joto kubwa kifuani kama mtu aliyewekewa kaa la moto, na tangu siku ile hajakohoa usiku. Akaacha vidonge. Alipotuletea karatasi ilikuwa imepita miezi mitatu: amenenepa, anabeba kuni mwenyewe, anaimba besi kwenye kwaya. Mstari wake wa mwisho uliwaambia wagonjwa wenzake watupe vidonge na wamwamini Mungu.

Kamati yetu ina watu sita. Tulikaa mara mbili juu ya karatasi hiyo, na mara ya kwanza tuliachana vibaya. Mzee mmoja alisema: mtu amesimama mbele yenu mzima, mnataka ushahidi gani tena? Mama mmoja hakusema neno mpaka tulipoinuka. Ndipo akasema kwamba mume wake naye aliacha vidonge kwa sababu alijisikia vizuri, na alibeba kuni pia, miezi minne. Tulimzika mwezi wa saba baada ya kuacha. Wengi wetu tulikuwepo kwenye mazishi yale na hatukujua.

Basi swali la mzee tulilichukua kwa uzito, kwa sababu ni swali la haki. Ushuhuda na ushahidi ni maneno yaliyotoka shina moja. Kanisani tunatumia la kwanza, mahakamani la pili, na mtu anayetoa yote mawili tunamwita shahidi. Lakini mahakamani shahidi akishamaliza kusema aliyoyaona, kuna mtu mwingine anayeuliza: na hayo uliyoyaona yanathibitisha nini? Kanisani tukishasema Amina hatuulizi tena. Je, tunakosea? Au kuuliza ndiko kukosa imani?

Siku ya alhamisi, katika darasa letu la kusoma pamoja na vijana wanaojiandaa na mitihani, tumekuwa na zoezi moja. Tunachukua habari fupi ya utafiti, aya moja au mbili, tunaisoma kwa sauti, kisha tunajibu mambo mawili: aya hii imesema nini, na sisi tumeongeza nini? Kinachotushangaza kila mara ni wingi wa yale tunayoyaongeza. Baada ya mkutano ule mbaya wa kamati tuliamua kusoma habari zinazohusu wagonjwa na dawa, kabla ya kurudi kwenye karatasi ya ndugu yetu. Tutawapa kwa ufupi tulizozisoma.

Ya kwanza inatoka Uingereza. Baada ya vita vikuu vya pili kulikuwa na dawa mpya iitwayo streptomaisini, nayo ilikuwa kidogo sana, haikuweza kuwatosha wagonjwa wote wa kifua kikuu. Watafiti wakachukua wagonjwa 107. Kwa njia ya kura 55 walipewa dawa pamoja na kupumzishwa kitandani, na 52 walipumzishwa kitandani tu, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Matokeo yalichapishwa mwaka 1948. Baada ya miezi sita, kati ya wale 55 walikuwa wamekufa 4; kati ya wale 52 walikuwa wamekufa 14.

Vijana walikasirika kwanza. Inawezekanaje kumwacha mgonjwa bila dawa kwa sababu ya kura? Tulibishana karibu saa nzima. Lakini dawa yenyewe haikutosha. Kwa vyovyote wengi wangekosa. Kilichobaki kuamuliwa ni nani apate, na sisi tunaoishi kwa mgao tunajua vizuri njia nyingine za kuamua jambo kama hilo: mwenye jamaa yake karibu na meza hupata kwanza, mwenye sauti hupata kwanza. Kura haina jamaa. Mitume nao, walipotafuta mtu wa kuchukua nafasi ya Yuda, waliweka watu wawili mbele, wakaomba, wakapiga kura, ikamwangukia Mathiya (Matendo 1). Hawakuona kwamba kura inapingana na maombi.

Tena kura inafanya kazi nyingine ambayo hatukuiwazia mwanzoni. Kama daktari mwenyewe angechagua nani apewe dawa, huenda angewachagua wenye nguvu kidogo, akitumaini watapona, au angewachagua waliozidiwa sana, kwa huruma. Kwa vyovyote makundi mawili yasingefanana tangu mwanzo, na mwishoni usingejua tofauti imeletwa na dawa au na macho ya daktari. Kura inawatawanya wenye nguvu na wanyonge pande zote mbili. Ndiyo maana 4 kwa 14 inasema kitu.

Lakini habari hiyo ina mkia, na mkia ndio uliotunyamazisha. Wale wagonjwa walifuatiliwa miaka mitano. Mwishoni zaidi ya nusu ya wale waliopewa dawa walikuwa wamekufa, na tofauti yao na kundi la pili ilikuwa imepungua sana. Vijidudu vilikuwa vimezoea dawa ile moja. Mtu aliyesimama mwezi wa sita akatangaza ushindi alikuwa anasema kweli kwa mwezi wa sita. Hakuwa anasema kweli juu ya mwaka wa tano. Ndipo watafiti walipojifunza kuchanganya dawa zaidi ya moja.

Katika miaka ya 1970 hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishirikiana na watafiti wa Uingereza kutafuta muda mfupi unaotosha. Wakati ule matibabu yalichukua miezi 18, na wagonjwa walikuwa wanachoka njiani. Walilinganisha makundi ya miezi sita na lile la miezi 18, na hawakuhesabu kupona siku ya kidonge cha mwisho tu. Waliendelea kuwapima watu makohozi baada ya kuacha, ili waone nani ugonjwa unamrudia. Miezi sita ya kifua kikuu cha kawaida ambayo wagonjwa wetu wengi huandikiwa ina asili yake huko, kwa Waafrika wa nchi hizi waliokubali kupimwa. Tulikuwa tunadhani ni tarakimu iliyopangwa na wazungu ofisini.

Habari ya pili ni ya kwetu Kongo, na kwa kweli ndiyo iliyotufundisha zaidi. Mwaka 1995, nchi ikiwa bado inaitwa Zaire, Ebola iliingia mji wa Kikwit. Waliougua ni watu 315, na kati ya kila kumi walikufa karibu wanane. Profesa Jean-Jacques Muyembe na waganga wenzake, wakiwa hawana dawa yoyote, waliwaza hivi: aliyeugua akapona lazima damu yake ina kitu kilichoushinda ugonjwa. Wakachukua damu ya waliopona wakawawekea wagonjwa wanane. Kati ya hao wanane walipona saba.

Hapa tuliweka karatasi chini tukauliza: aya imesema nini? Karibu wote tulijibu kwamba damu ya waliopona inaponya Ebola. Saba kati ya wanane, wakati nje wanakufa wanane kati ya kumi! Ni nani asiyeona?

Kijana mmoja, msichana anayesoma kidato cha tatu, akasema aya haijasema hivyo. Imesema wanane waliwekewa damu na saba wakapona. Kwamba walipona kwa sababu ya damu, hilo tumeongeza sisi. Tukamwambia aeleze. Akauliza: hao wanane walikuwa wameugua siku ngapi kabla ya kuwekewa damu?

Hilo ndilo swali ambalo wataalamu nao waliuliza. Ebola huua wengi mapema. Mtu ambaye ameshaugua siku nyingi na bado anapumua amepita mlango ambao wengi hawakuupita, na nafasi yake ya kupona ni kubwa hata usipomfanyia kitu. Tena wale wanane walipewa damu mwishoni mwa mlipuko, wakati wauguzi walikuwa wameongezeka na huduma imekuwa nzuri kuliko mwanzo. Kwa hiyo kuwalinganisha na wale waliokufa siku za kwanza, wakati hospitali ilikuwa haina hata glavu za kutosha, ni kulinganisha watu wasiofanana. Watafiti walipozihesabu tena takwimu wakizingatia umri na siku za ugonjwa, hawakuweza kuonyesha kwamba damu ilisaidia.

Miaka ishirini ikapita. Mwaka 2015 huko Guinea wagonjwa 84 walipewa maji ya damu ya waliopona, na wakalinganishwa na wagonjwa waliotibiwa mahali pale pale kabla yao. Walikufa 31 kwa mia, na wale wa kabla yao 38 kwa mia. Umri na wingi wa virusi mwilini vilipozingatiwa, hata tofauti hiyo ndogo ikasinyaa. Basi mtu angesema Profesa Muyembe alikosea, hadithi imekwisha.

Haikuisha. Mmoja wa watu waliopona Kikwit alitoa damu yake miaka kumi na mmoja baadaye, na ndani yake watafiti wakakuta bado kuna kingamwili, yaani wale askari wa mwili wanaoshika virusi. Wakachagua mmoja aliye hodari, wakamtengeneza kwa wingi, ikawa dawa iitwayo mAb114. Ebola ilipoingia Kivu ya Kaskazini mwaka 2018, dawa hiyo ilijaribiwa pamoja na nyingine tatu huko Beni, Mangina, Butembo na Katwa. Wagonjwa 681 waliandikishwa, na kila mmoja alipewa moja ya dawa nne kwa kura. Profesa Muyembe alikuwa miongoni mwa waliouongoza utafiti huo. Mwezi wa nane mwaka 2019 kamati iliyousimamia iliusimamisha kabla ya muda, kwa sababu dawa mbili zilikuwa zimeshaonekana kuwa bora na haikuwa haki tena kumpa mtu nyingine. Waliopewa mAb114 walikufa 35 kwa mia. Waliopewa dawa ya kulinganishia, iitwayo ZMapp, walikufa karibu 50 kwa mia.

Tazameni basi. Wazo la mwaka 1995 lilikuwa na mbegu ya kweli ndani yake. Walioshuku mwaka 1995 nao walikuwa na haki ya kushuka mashaka yao mezani. Mtu anaweza kuwa anaelekea kwenye kweli na bado asiwe na ruhusa ya kusema amefika. Tunampenda Profesa huyu kwa jambo moja zaidi ya elimu yake: aliulizwa swali gumu na hakuita swali lile uadui. Alikwenda kutafuta jibu miaka zaidi ya ishirini.

Baadhi yenu mlikuwa Beni na Butembo wakati ule, na mnajua jinsi watu walivyokuwa wanafikiri. Walisema: kila anayeingia kituo cha Ebola anatoka ndani ya mfuko. Na kwa macho yao walikuwa hawasemi uongo. Watu walikuwa wanapelekwa wakiwa wamezidiwa, kwa hiyo walikufa kituoni. Wakahitimisha kwamba kituo ndicho kinachoua. Kwa hiyo wakaficha wagonjwa, wagonjwa wakazidi kuchelewa, wakazidi kufia kituoni, na ushahidi ukaonekana kuongezeka. Uchaguzi wa mwezi wa kumi na mbili mwaka 2018 ulipoahirishwa kwao kwa sababu ya Ebola, watu wakaona wamepata shahidi mwingine kwamba ugonjwa huu ni siasa. Mwezi wa pili mwaka 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, vikachomwa moto. Zaidi ya watu 2,200 walikufa katika mlipuko ule kabla haujaisha mwaka 2020. Hatuandiki haya ili kuwacheka. Watu waliodanganywa na wenye nguvu kwa miaka mingi wana sababu ya kutoamini. Lakini kutoamini nako kunaweza kukosea hesabu kama kuamini kunavyokosea.

Mzee wetu wa kamati alisikiliza haya yote kwa uvumilivu, kisha akasema: hayo ni ya madaktari. Sisi ni watu wa Neno. Akauliza, ni wapi katika Neno mtu wa Mungu alidai kulinganisha?

Tulimjibu kwa Danieli, sura ya kwanza, yule aliyemwomba msimamizi awape wao mboga na maji kwa siku kumi, kisha nyuso zao zilinganishwe na nyuso za vijana waliokula chakula cha mfalme. Akasema sawa, lakini hao walikuwa wanne tu. Tulicheka, kwa sababu naye alikuwa ameanza kuhesabu.

Ni yeye mwenyewe aliyerudi wiki iliyofuata na Gideoni, Waamuzi sura ya sita. Sote tunaijua habari ile: Gideoni aliweka ngozi ya kondoo kwenye uwanja, akaomba asubuhi umande uwe juu ya ngozi peke yake na ardhi iwe kavu. Ikawa hivyo, akakamua bakuli zima la maji. Kwa nini hakuridhika? Siku zote tumehubiriwa kwamba ni woga wake. Lakini mzee, ambaye amefuga kondoo kule Minembwe, alisema hivi: manyoya hushika umande hata kama hakuna muujiza. Ardhi hukauka upesi, ngozi hukaa na maji mpaka jua lipande. Gideoni alikuwa mkulima, alijua hilo. Ndiyo maana usiku wa pili aliomba kinyume: ngozi iwe kavu na ardhi ilowe. Hilo manyoya hayawezi kulifanya yenyewe. Na Mungu hakumkemea, alimfanyia.

Tangu siku hiyo katika kamati tunauliza kwa maneno ya mzee: je, huu ni usiku wa kwanza au wa pili?

Tulirudi basi kwenye karatasi ya ndugu yetu. Alivimeza vidonge miezi miwili na zaidi. Katika miezi hiyo miwili ya mwanzo dawa nne huua vijidudu vilivyo vingi, kikohozi hupungua, uzito hurudi. Vinavyobaki ni vichache na vizito, vimejificha, na miezi minne inayofuata ni ya kuvitafuta hivyo. Mtu aliyeacha mwezi wa tatu, akiwa ameombewa au hajaombewa, mara nyingi atajisikia mzima kwa muda. Ngozi ya kondoo itakuwa na umande. Kwa hiyo uzima wake wa sasa, ambao tunaufurahia kabisa, hauwezi kutuambia kama amepona kwa vidonge, kwa maombi, kwa vyote viwili, au kama hajapona bado.

Hatukusema kwamba Mungu hakumgusa. Hilo hatulijui, na hakuna aya ya utafiti inayoweza kulikanusha. Joto alilolisikia kifuani alilisikia yeye, nani atamwambia hakulisikia? Tulichosema ni kwamba karatasi yake ina sentensi za namna mbili zilizoshonwa pamoja. Moja inasema yaliyompata. Nyingine inasema wengine wafanye nini. Ya kwanza ni mali yake. Ya pili inalipwa na mwili wa mtu mwingine.

Na kuna jambo lingine ambalo mama yule alilisema kwa maneno machache kuliko sisi: waliokufa hawaleti karatasi. Ukurasa wetu wa shuhuda umejaa watu walioacha dawa wakaishi, kwa sababu walioacha dawa wakafa hawapo wa kuandika. Tulipitia matoleo yetu ya nyuma, tukakuta shuhuda nne za namna hii tulizochapa bila kuuliza. Hatukukuta hata moja ya mume wake. Kwa hiyo msomaji anayehesabu kwa kufuata gazeti letu angepata nne kwa sifuri, na hesabu hiyo ni sisi tuliomfanyia. Mbele yenu tunakiri kosa hilo. Amri ya kutomshuhudia jirani uongo tulikuwa tunadhani inawahusu wanaosema yasiyokuwepo. Sasa tunafikiri inamgusa pia anayesema yaliyopo nusu, akijua nusu nyingine iko makaburini.

Vijana wetu, kama vijana, walikwenda upande wa pili. Wakaanza kudai kura na makundi mawili kwa kila kitu, hata kwa chai ya tangawizi. Kwa hao tulisoma habari ya mwisho, ya kambi ya wakimbizi kama sisi. Mwaka 1971 mamilioni ya watu walikimbia vita Pakistani ya Mashariki, ambayo leo ni Bangladeshi, wakaingia India. Mji wa Bongaon, karibu na mpaka, ukajaa kipindupindu, na hospitali ikaishiwa maji ya kutundika. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru yachanganywe maji ya kunywa: kwa kila lita gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za magadi ya kupikia. Ndugu wa wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 kwa mia vikashuka mpaka chini ya 4 kwa mia, kwa wagonjwa zaidi ya 3,000 katika muda wa wiki nane.

Hakupiga kura. Je, tumshuku? Darasa liligawanyika. Mwishoni wengi walikubali kwamba hapa mizani ni tofauti. Wagonjwa ni maelfu, si wanane. Tofauti ni kubwa mno. Njia yenyewe ilikuwa imeshajaribiwa huko Dhaka mwaka 1968, na ilijulikana kwa nini sukari husaidia utumbo kuvuta chumvi na maji. Na kungoja kungekuwa kuua. Mahalanabis hakuruka kutoka kwenye giza, alikuwa anakanyaga mawe ambayo wengine waliyaweka kabla yake. Wenye umri kati yetu waliopitia Goma mwezi wa saba mwaka 1994, ambako karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kuhara, wanajua thamani ya kikombe kile kisichofika kwa wakati. Kwa hiyo hatuna kipimo kimoja cha kuwapa. Kuna kupima kila jambo kwa uzito wake, na kazi hiyo inachosha.

Tulimwita ndugu yetu. Tulimwambia tuko tayari kuchapa ushuhuda wake wote kuhusu yaliyompata, joto la kifuani na yote, ila mstari wa mwisho uondoke, na miezi miwili ya vidonge itajwe waziwazi, si kwa neno moja katikati. Alikataa. Alisema tunaukata ushuhuda wake kichwa. Hatukubishana naye sana. Tulimsomea Yohana sura ya tisa, yule aliyezaliwa kipofu, alipobanwa na wakubwa waseme Yesu ni mtu wa namna gani. Alijibu kwa yale anayoyajua, kwamba alikuwa haoni na sasa anaona, na lile asilolijua akasema halijui. Ndugu akachukua karatasi yake akaondoka. Ndiyo sababu ya ratiba ya kwaya mliyoiona.

Siku tisa baadaye alirudi, lakini si kwetu. Alikwenda kwa yule mama, akakaa kibarazani kwake mpaka jioni. Hatujui walizungumza nini. Jumanne iliyopita walionekana pamoja kwenye njia ya kituo cha afya, yeye akiwa na kile kikopo kidogo chenye kifuniko, mama akitembea mbele.

Majibu ya makohozi hayajatoka tunapopeleka kurasa hizi kutolewa nakala. Tumemwambia kwamba hata yakitoka safi, muuguzi ndiye wa kumweleza kama ni usiku wa kwanza au wa pili. Alicheka, akasema atauliza.